Kipa wa Chuo Kisichokuwepo

Chuo chetu cha ualimu kilibaki Unguja, lakini timu yake ilifika Maskati. Sisemi timu nzima. Tulikuwa sita, tuliotoka mwaka wa sitini na nne kila mtu na njia yake, tukatawanyika kwa jamaa zetu wa mwambao wa bara. Mwaka wa sabini mambo ya Oman yalipobadilika na milango ikafunguliwa, tukakutana tena Matrah, bandari ya jirani na Maskati, kila mmoja na ndevu zake. Nahodha wetu alikuwa ameacha nyuma vyeti vyake vyote, ila jezi za chuo alikuja nazo, kumi na moja, zimenyooshwa pasi. Tukaokota watano wengine wa kwetu waliokuwa wakisubiri kazi serikalini kama sisi, tukajiita Chuo. Watu wakituuliza chuo gani, tulikuwa wepesi kugeuza maneno na kuuliza habari za watoto wao.

Mimi nilikuwa golikipa. Si kwamba nilikuwa hodari. Jezi ya golikipa ilikuwa pana, na ndiyo pekee iliyonienea.

Wenye maduka wa Matrah walikuwa wametoa mbuzi kwa timu itakayoshinda mechi nyingi kuliko nyingine, na mechi zilichezwa Ijumaa baada ya alasiri. Ya kwanza tulikwenda Qantab, kijiji cha wavuvi kilichojificha baina ya majabali. Tulivaa viatu vya mpira vyenye meno, tukawahurumia wenzetu waliokuja peku. Uwanja wao ni ufuo. Meno ya viatu yakazama mchangani, nasi tukasimama kama tuliopandwa, na wavuvi wakatutia sita kwa bila. Kisha wakatupikia samaki. Tulirudi na aibu, lakini tulishiba.

Ijumaa iliyofuata tulicheza na Khuwair, enzi hizo uwanda mtupu wa miti ya miiba, na hapo nahodha akagundua silaha. Wale wenzetu wakitaka kupeana mpira walipiga kelele kwa Kiarabu, nasi Kiarabu chetu kilikuwa cha kuombea chai. Sisi tulipiga kelele kwa Kiswahili, na hakuna aliyeelewa. "Mwache huyo, mguu wake wa kushoto wa pambo tu!" nahodha alikuwa akisema, na beki wetu akamwacha. Tukashinda mbili kwa moja. Wiki ya tatu tukawafunga askari wa kambini, watu wenye mapaja na pumzi, na Matrah nzima ikashangaa. Kiburi kikatuingia. Tukawa tunamsema refa, tunawasema watazamaji, tunamsema kila mtu mbele ya uso wake huku tunatabasamu.

Sasa niseme habari ya mzee.

Kila Ijumaa alikuja mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, akaketi juu ya kasha nyuma ya goli langu, bakora mapajani. Alikuwa na tumbo la heshima. Huyu alikuwa na binti, na mimi nilikuwa nimemwona binti huyo mara mbili dukani, na usingizi ukanipaa. Baba yangu alibaki Unguja, kwa hiyo shangazi niliyekuja naye ndiye aliyevaa buibui lake jipya akaenda kuniposea. Alipokewa na dada wa mzee, mwanamke asiyejua ila Kiarabu. Alirudi na jibu moja tu: wataangalia.

"Waarabu wa hapa hapa hao," shangazi alinihakikishia. "Hawajapatapo kuvuka bahari. Wewe kaa na adabu zako usubiri."

Nikasubiri. Kila Ijumaa nilimwamkia mzee kwa Kiarabu, nikaulizia afya yake kwa maneno yote niliyokuwa nayo, yaani matano. Alinijibu kwa kutikisa kichwa. Kisha ninarudi golini na nahodha ananichokoza.

"Mkweo leo kala ng'ombe mzima."

"Akinipa mwanawe," nikamjibu siku moja, kwa sauti ya kutosha, "tumbo lake ntalistahimili."

Timu nzima ikacheka. Mzee alikuwa hatua nne nyuma yangu, akitazama mbele.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Hamriya, katika wadi ya Ruwi, bonde la mto lililokauka, na mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti akitutazama. Mpwa wa mzee alikuwa mshambuliaji wa Hamriya, kwa hiyo nilijua mzee yuko upande gani. Tulikuwa bila kwa bila na jua limeanza kupungua. Mpira ukapigwa juu, ukagonga jabali ukingoni, na refa, ambaye kwa kawaida ya uwanja ule alihesabu majabali kuwa sehemu ya uwanja, akaacha uendelee. Mimi nilikuwa bado nimeinua mkono kudai mpira umetoka.

"Nyuma yako, mwanangu! Geuka, we! Nyuma yako!"

Kiswahili. Kiswahili cha Pemba, kilichoiva, kutoka kwenye kasha.

Niligeuka kweli. Lakini sikugeukia mpira, niligeukia kasha. Nilisimama mdomo wazi nikimtazama mzee, naye akinitazama, na mpwa wake akaupitisha mpira taratibu kando ya mguu wangu. Hamriya wakapata goli, wakapata na mbuzi. Nahodha alikuja mbio kunitukana, akamwona mzee, na tusi likamfia mdomoni. Mabeki wakaanza kuvua jezi na kuondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Nikakumbuka Ijumaa zote, neno kwa neno. Nilijua nimekwisha. Nilikwenda mbele ya lile kasha nimeinamisha kichwa, kwa sababu pa kukimbilia hapakuwapo.

"Nimekaa Pemba miaka kumi na minane," mzee alisema. "Nikinunua karafuu. Mama yake huyu mtoto nalimwoa huko. Tangu alipofariki, nyumbani kwangu hakuna wa kumwambia hata hujambo. Mtoto kalelewa na dada yangu, hajui neno."

Nikamwomba radhi.

"Mpira wenu mbovu," akaendelea. "Ukidhani naja kutazama mpira? Naja kusikiza. Hata mkinitukana, nalikuwa narudi nyumbani roho imetulia."

Akashika bakora, akajiinua kwa taabu, nami nikampa mkono. Hakuuachia.

"Mwambie shangazi yako aje tena. Na safari hii aseme na mimi, aseme Kiswahili. Lakini kwanza nijibu wewe. Tumbo, utalistahimili?"

"Ntalistahimili, baba," nilisema, na nikaanza kulia pale pale wadini, kwa sababu neno hilo la baba sikuwa nimemwambia mtu tangu siku niliyomwacha wangu gatini Unguja.