Ncha Uifiche Ndani ya Chambo

Siku ile naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na sitakudanganya kwamba hasira hiyo imepoa. Tulikuwa tumetoka kuhitimisha arobaini ya mama, nyumbani kwetu Ruvu. Masufuria ya pilau yalikuwa bado hayajaoshwa, na tayari baba mdogo, aliyekuja kutoka Mzenga, alikuwa anatugawa.

Baba yetu alikuwa ametangulia zamani. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita ili nimuuguze mama. Nyuma yangu walikuwepo Mwanahawa, Rama, na Tatu aliyekuwa bado na mapengo ya utoto.

"Mwanahawa ataenda Tumbi kwa watu ninaowafahamu, atawasaidia kazi za ndani," baba mdogo alisema, huku akichokoa meno. "Rama atachunga ng'ombe, wafugaji wanatafuta mtoto mwenye miguu. Huyu mdogo nitaondoka naye. Na wewe Zuhura umeshakua, utapata mume."

"Na nyumba, baba mdogo?"

"Nyumba nitaiangalia mimi. Damu nzito kuliko maji."

Damu! Mama alilala kitandani msimu mzima wa mvua na damu hiyo haikuja hata kusema pole. Leo imekuja kwa sababu kuna kiwanja na bati. Nilisimama mbele ya wazee nikasema hatugawanywi, wadogo zangu nitawalisha mimi. Wengine walicheka. Baba mdogo hakucheka.

"Haya, na ninyi nyote mmesikia," aliwaambia wazee. "Nitarudi baada ya Idi. Nikimkuta mmoja tu ana njaa, nitafanya kama nilivyosema, na mtu asinitolee machozi."

Wazee wakaitikia. Yatima hadeki, mwanangu, na siku hiyo sikudeka. Lakini ndani nilikuwa nachemka kama maharage.

Shamba letu ngiri walikuwa wameshalimaliza. Kilichobaki ni mto, na kopo moja alilotuachia baba. Zamani alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya mtaalamu mmoja mgeni wa mambo ya maji. Yule mgeni alipoondoka alimwachia kopo la chambo za mpira laini zenye umbo la kamba. Nasema kamba yule wa majini mwenye magando na ndevu, si ile ya kufungia mbuzi. Baba alizivulia miaka mingi. Nilipozirithi zilikuwa zimechakaa: huyu kichwa kimepasuka, yule gando moja limeng'oka, mwingine amechanika tumbo mpaka ndoano haishiki.

Nilikwenda mtoni na hasira zangu. Nikachagua chambo zilizokuwa na nafuu, nikazichomeka ndoano ovyo, ncha iko nje inang'aa, nikarusha kama mtu anayempiga mwenzake jiwe. Kambale wa Ruvu hakai peupe. Hukaa kwenye mizizi na matete. Ndoano yangu ikanasa mzizi. Nikavuta kwa nguvu, mshipi ukakatika. Nikafunga nyingine, ikanasa tete. Nikavuta tena. Chambo zangu nzuri zote zikabaki mtoni, na mimi nikabaki nimeshika mwanzi na kulaani.

"Mzaramo!" sauti ikatoka nyuma yangu. "Unavua samaki au unang'oa visiki? Niambie tu, nikuletee shoka."

Alikuwa Mzee Ngelela, Mnyamwezi aliyekuja pwani kijana na hakurudi tena kwao, mvuvi wa ndoano tangu sijazaliwa. Na Mnyamwezi kwetu sisi Wazaramo ni mtani. Mtani hukutukana msibani huku unalia, na huna ruhusa ya kununa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ngoma mnaijua, kuvua hamjui. Ujinga huu umeurithi kwa nani?"

"Afadhali sisi," nikamjibu kwa ukali. "Nyie mmefika pwani mmebeba mizigo ya watu vichwani."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akanitazama.

"Niliwasikia pale arobaini. Una haki ya kukasirika. Mimi pia nilikasirika. Lakini wewe hasira yako umeichomoza nje kama ndoano hii. Ncha iliyo nje hainasi samaki, mtoto wee. Hunasa kila kitu kilicho njiani, na mwisho hunasa kidole chako. Lete hilo kopo."

Akakaa chini, akaanza na yule aliyepasuka kichwa. Sehemu iliyopasuka akaikata, akaitupa. Akapitisha ndoano kwenye nyama nzima, akaitoa ubavuni, akaigeuza, kisha ncha akairudisha ndani ya mpira, ikalala chini ya ngozi. Ukipapasa kwa kidole huigusi. "Hii itapita kwenye mizizi kama mjusi," alisema. "Kambale akibana taya, mpira unabonyea, ncha inatoka yenyewe. Kazi ya kuitoa ni yake, si yako."

Wa gando moja hakumrekebisha kabisa. Alisema kamba aliyejeruhiwa huogelea upande, na kambale hupenda kilichojeruhiwa. Akamgeuza tu mkia uwe mbele, kwa sababu kamba akitishwa hukimbia kinyumenyume. Wale waliochanika tumbo aliwaziba kwa kisu alichokipasha kwenye kijinga cha moto, mpira ukayeyuka kidogo ukashikana. Aliyeshindikana kuzibwa akamfunga kwa ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli. Chubwi, uzito wa kuzamishia mshipi, ilikuwa nati. Kipande kilichobaki gando tu hakukitupa. Alikitunga nyuma ya utumbo wa kuku, kikawa kinapepea.

Nilirusha tena, taratibu safari hii. Chambo ikapita kwenye mizizi, ikagusa tope, ikatulia. Nikasubiri huku meno nimeyauma. Mshipi ukatembea.

Tulikula kambale jioni ile, na siku nyingi zilizofuata. Siku nyingine tulikosa, tukala mboga za majani, na siku nyingine tukalala na uji. Nisikudanganye kwamba mto hutoa kila ukiomba. Lakini wengine niliwakausha kwa moshi, nikawatundika juu ya meko, na Rama nilimkataza kuwagusa mpaka Idi ipite.

Baba mdogo alikuja kama alivyoahidi, mchana, na begi tupu la kubebea nguo za Tatu. Nilikuwa uani nakata kambale. Nilipoliona lile begi, nilikiweka kisu chini, mwanangu. Maneno yalinijaa mdomoni, yote ya kweli: kwamba hakumwona mama mgonjwa, kwamba shida yake ni bati, kwamba kama huo ndio uzito wa damu basi heri maji. Kama ningeyasema, ningepoteza kila kitu. Wazee wangesema, binti huyu hana adabu, atalea nani? Yeye angeondoka na watoto mikononi, na haki mdomoni.

Nikanawa mikono. "Shikamoo baba mdogo. Karibu. Mgeni kwanza ale."

Nikamtuma Rama awaite wale wazee waliokuwepo arobaini, waje kumpokea mgeni. Wakaja, na Mzee Ngelela akaja nao bila kuitwa. Nikaweka ugali, na kambale wa moshi niliyempika kwa nazi. Nikawaketisha Mwanahawa, Rama na Tatu na sinia lao pembeni. Baba mdogo alikuwa ametembea jua kali. Akala. Akala tena. Akamwomba Mwanahawa amwongezee mchuzi.

Mzee Ngelela alimwacha mpaka akawa analamba vidole.

"Mtani," akasema, "mbona unawamalizia chakula wenye njaa? Au njaa yenyewe ndiyo umekuja nayo kutoka Mzenga?"

Wazee wakaangua kicheko. Baba mdogo akabaki na mkono hewani. Kununa haruhusiwi, huyo ni mtani wake pia. Hapo ndipo niliposema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba mdogo, watoto hawa hapa, na wazee waliokusikia hawa hapa. Nani kati yao umemkuta na njaa?"

Akamtazama Mwanahawa. Akamtazama Rama, aliyekuwa anavunja mfupa. Akamtazama Tatu, aliyekwisha kusinzia kando ya sinia, tumbo limetuna kama ngoma.

"Ameshiba mgeni, wameshiba wenyeji," mzee mmoja akasema. "Neno limekwisha."

Baba mdogo alinawa, akaondoka kabla ya alasiri, na begi lake halikupata hata nguo moja.

Nilipomzika, miaka mingi baadaye, nilimzika kwa heshima zote. Hasira yangu nilikwenda nayo makaburini na nikarudi nayo. Watu husema hasira hasara. Mimi nasema hasara ni hasira inayotembea uchi. Juzi nimetoka msibani Kisarawe. Tanga halijaanuliwa, na wanaume wazima wameketi wanagawa watoto wa marehemu kama mafungu ya nyanya: wewe chukua huyu ana nguvu, mimi huyu. Na mtoto mkubwa amesimama mlangoni anatukana na kulia, na wao wanatikisa vichwa: mwoneni, hana adabu. Sikulala kwa hasira. Ndiyo maana nakuandikia.

Basi nisikilize, wewe uliyeachiwa wadogo. Usiambiwe na mtu kwamba huna haki ya kukasirika. Kasirika. Anayewatenganisha yatima ili apate nyumba anastahili hasira yako yote. Lakini ncha usiitoe nje. Ifunike kwa salamu, kwa kazi, kwa sufuria lililo motoni, na mdhalimu mwache abane taya mwenyewe. Kilichochanika usikitupe kabla hujajaribu upande wake wa pili, iwe chambo, iwe nyumba. Sharti unalowekewa mbele za watu lishike, kwa kuwa walioshuhudia lilivyotolewa ndio watakaoshuhudia lilivyotimizwa. Na wewe mkubwa unayekaa misibani kugawa watoto: watakua, na watakukumbuka.

Mungu akulinde wewe na ndugu zako wa tumbo moja. Awape riziki ya sinia moja, msigombanie minofu. Akupe ulimi mtulivu na mkono usioachia, na siku utakapozeeka, wadogo zako wawe karibu kiasi cha kukusikia ukiwaita. Amina.