Maneno Niliyoyapunguza Kwenye Waya

Asubuhi tuliyoambiwa tuhame, kaka yangu Yohana alikuwa juu ya ghala la ulezi akiezeka, nami nilikuwa chini nikimrushia nyasi. Ilikuwa Jumamosi, shule ya misheni nilikofundisha ilikuwa imefungwa. Vita vya pili vya Wazungu tulikuwa tukivisikia kwa mbali tu, kupitia vijana wa Mbozi walioandikishwa uaskari. Jumbe akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba bonde letu, karibu na Iyula, limechukuliwa kujengwa kambi ya Wapolandi waliofukuzwa kwao na vita hivyo. Kaya kumi na moja tuhamie upande wa Itaka. Mazao yaliyo shambani, alisema, tutarudi kuyavuna.

Tulihama. Mama alibeba mafiga yake matatu, ingawa kule tulikokwenda mawe yalikuwa tele.

Wapolandi niliwachukia kabla sijawaona. Nilipowaona, wanawake walionyolewa vichwa kwa ajili ya chawa na watoto wasiocheza, niliendelea kuwachukia, ila sasa kwa kujilazimisha. Kwa kuwa nilijua Kiingereza, mkuu wa kambi aliniajiri niwe mkalimani wake kwa wenyeji.

Kabla ya mavuno walikuja wasomi watatu. Nilitumwa kuwapokea Tunduma, wakitokea Rhodesia ya Kaskazini walikokagua kambi nyingine. Mmoja alikuwa mwanamke Mwingereza wa chuo kikuu, wa pili Mswisi wa shirika la misaada, wa tatu profesa Mpolandi, naye mwenyewe mkimbizi. Walikuwa wakiandika kitabu kimoja kuhusu watu wanaong'olewa kwao: nani aliwang'oa, walibeba nini, majirani wapya wanawapokeaje. Kila swali walibishania kwa lugha tatu kabla ya kulikubali, na hawakuandika jambo mpaka wapate mashahidi wawili.

Kambini hawakupendwa. Mama mmoja wa Kipolandi aliitemea mate karatasi yao. Profesa alinieleza baadaye kwamba watu wa mwisho kumhoji mama yule waliandika majibu yake vizuri, kisha wakamchukua mumewe.

Ulezi ulipoiva, wanaume wa kwetu walikuja na visu vya kuvunia na vikapu. Yohana alikuwa mbele, amewaacha wenzake mbali nyuma. Mkuu wa kambi alitoka na askari sita, akawapanga nyuma ya waya uliozungushiwa kambi pamoja na mashamba yetu. Alidai kwamba wenyeji wanaleta magonjwa na wanaiba mablanketi. Wale wasomi watatu walisimama kwenye kibaraza cha ofisi, wakitazama.

Mkuu wa kambi akaniambia kwa Kiingereza, "Waambie atakayevuka waya atapigwa risasi."

Nilimtazama kaka yangu. Yeye ndiye aliyeuza ng'ombe nikasome.

Niliona aibu kumpelekea maneno kama yale mbele ya watu.

Nikasema kwa Kinyiha, "Bwana anasema mrudi nyumbani. Hataki mwingie leo."

Yohana akaniuliza kama wamekatazwa kabisa, au ni leo tu.

"Ni leo tu," nikamjibu.

"Ulezi haungoji, mdogo wangu." Akauinua waya kwa mkono mmoja, akainama kupita.

Risasi zilikuwa tatu. Mbili zilipita juu.

Wenzake walikimbia. Waliokamatwa walipelekwa kufungwa mbali, na walionusurika hawakusogelea tena kambi ile. Yohana tulimbeba mimi na Mswisi.

Mkuu wa kambi aliwatisha wale wasomi kwamba atawafukuza wakiliandika jambo lile. Walikataa kunyamaza. Mwingereza na Mswisi, ambao kwa majuma mazima walikuwa hawaelewani, siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Walipima umbali kutoka kwenye waya hadi walikosimama askari. Waliwahoji askari mmoja mmoja. Kisha wakaniita mimi, kwa kuwa mtu pekee aliyeelewa lugha zote mbili pale kwenye waya nilikuwa mimi.

Profesa ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, uliwaambia kwamba watapigwa risasi?"

"Niliwaambia."

Aliuliza tena kwa kuligeuza swali, kama ilivyokuwa desturi yao. Nikasema niliwaambia, na walisikia. Akaandika. Shahidi wa pili walimkosa, na kumtafuta Itaka kungehitaji mkalimani, yaani mimi; safari hii waliridhika na mmoja.

Vita viliisha. Wapolandi walipelekwa nchi nyingine, si kwao. Bonde tulirudishiwa likiwa na misingi ya saruji mahali palipokuwa na mashamba. Miaka ilipita, nakala ya kitabu ikafika misheni. Nililitafuta bonde letu nikalikuta katika ukurasa mmoja. Wamewalaumu waliotuhamisha, wamemlaumu mkuu wa kambi kwa kukataza mavuno. Walikuwa wakweli kuliko nilivyotegemea. Kisha inafuata sentensi moja: wenyeji walionywa waziwazi, kwa lugha yao wenyewe.

Nyumbani nako nilisema vilevile, na Mama alikufa akiamini kwamba mwanawe wa kwanza aliuawa na ukaidi wake. Mjane wa Yohana anaishi jirani yangu. Mwaka jana, tukipukuchua mahindi, aliniuliza ni kwa nini mumewe aliinua waya ilhali alikuwa amekwisha kuonywa.

Nilimjibu kwamba hata mimi sijui.