Wavu wa Shaba Ndani ya Waya wa Mikro

Katika mambo ya sauti hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliiacha darasa la tano, na bado Kasongo nzima, watu wa msikiti kwa watu wa kanisa, harusi haianzi kama sono yangu, yaani vyombo vyangu vya sauti, haijafika. Bafle nne za kutolea sauti, mikro mbili, jenereta moja, vyote kwa jasho langu. Wenye diploma ndio wanaonikodi.

Mwaka jana ncha ya waya wangu wa mikro ilikatika, nikaifungua. Ndani nikakuta nyaya mbili nyembamba, na juu yake wavu wa shaba umezizunguka mwanzo hadi mwisho. Nikacheka. Sauti inapita katika zile mbili. Wavu ni wa nini, wa kuvua samaki? Watu wa kiwandani wana shaba nyingi kuliko akili. Nikapasua ganda kwa wembe, mita ishirini, siku mbili nzima, nikatoa wavu, nikafunga nyaya kwa utepe wa skochi. Nikajaribu nyumbani kwa betri: sauti safi. Nikamwambia mke wangu kwamba wahandisi watakuja kunisalimia.

Shaba haitupwi. Kwetu bangili ya shaba ni dawa ya magoti. Fundi akanisukia mbili: moja ya mama mkwe, nyingine ya mzee mmoja wa Kabambare aliyekuwa anamwozesha binti yake wa mwisho. Hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya harusi.

Mzee yule alikuwa amebaki na sauti ya kunong'ona tu. Alitaka jambo moja: ambariki binti yake, na hata waliokaa nyuma wasikie. Aliniuliza mara mbili.

"Muzee," nikamwambia, "hata mbuzi wa jirani watakusikia."

Siku yenyewe nikawasha jenereta. Waya wa mikro niliufunga pamoja na waya wa umeme kwenye miti ileile, kwa usafi. Mzee akasimama kwa taabu, akashika mikro. Bafle zikatoa nnnnn, kama mzinga mzima wa nyuki. Sauti ya mtu mwenye nguvu ingepita, yake ilizama. Nikaongeza sauti, nyuki nao wakaongezeka. Bibi harusi akaanza kulia.

Mama mmoja anayetengeneza redio sokoni pale akaja, akaminya waya wangu.

"Baba, huu waya iko uchi. Wavu wake iko wapi? Ule ndio unazuia kelele ya umeme isiingie mu sauti."

Macho yangu yalikwenda kwenye bangili mkononi mwa mzee, na yule mama akayafuata.

"Kumbe," akasema. "Muzee ameuvaa."

Meza tatu za mbele zilicheka. Mzee hakucheka.

Mama akaleta waya wake, mzima, wa mita tatu. Haukufika kwa mzee. Basi wanaume wanne wa upande wa bwana harusi, ambao siku kama ile hawawezi kukataa kitu, wakambeba na kiti chake hadi kando ya mashine ya kukuza sauti. Akambariki binti. Kila neno lilisikika hadi nyuma, pamoja na lile la mwisho: kwamba magoti bado yanauma.

Nusu ya malipo yangu wenye harusi walibaki nayo, waya wa yule mama niliununua palepale, skochi yote ilikuwa imekwisha, na mama mkwe amekataa kurudisha bangili. Kwa jumla, wavu ule umenigharimu dola themanini na saba na faranga elfu mbili.