Bunduki Iliyomngoja Shemeji

Dada yangu Atieno ndiye aliyenituma. Mumewe Chacha, mwanajeshi, alikuwa amekwenda likizo kwao Kehancha na sasa hataki kurudi kazini. Atieno, muuza nafaka wa Kosele, aliogopa atafukuzwa jeshini. Nikamwahidi kumrudisha, hata kwa kumvuta sikio.

Asubuhi niliondoka Kosele na jirani aliyekuwa akipeleka viazi vitamu Migori. Njia nzima nilipanga maneno makali. Kutoka Migori nikapanda bodaboda, vumbi likanijaa hadi kwenye kope.

Kehancha nilimkuta Chacha kwenye banda la tumbaku, akifunga majani. Alinipa uji wa wimbi, akauliza habari za watoto. Nikamtania kwamba wanajeshi wa siku hizi wamedekezwa. Hakucheka.

Ndipo akanieleza. Kambini walikuwa wakijaribu bunduki yenye darubini ya kompyuta. Inapima umbali na upepo, na unachokilenga inakiwekea alama nyekundu. Ukibonyeza kifyatulio, risasi haitoki mpaka mtutu ukae sawasawa na alama. Walilenga vibao vya umbo la mtu vinavyovutwa kwa waya. Chacha akaona kimoja kikisogea, akakiwekea alama, akabonyeza. Kumbe ni mchunga ng'ombe aliyeingia uwanjani akifuata ndama, fimbo imelazwa mabegani, mikono yote miwili imening'inizwa juu yake, kama wanavyotembea wachungaji wa kwao.

"Shemeji, bunduki ya zamani ukifinya imeisha," akasema. "Hii ilingoja kidogo. Hapo ndio niliona ile fimbo, nikatoa kidole kabla haijalia. Babangu anatembea hivyo hivyo."

Nikamwambia basi mashine ilimwokoa yule mtu, ashukuru Mungu, arudi kazini.

"Ni kweli ilimwokoa. Lakini mimi nilikuwa nishafinya."

Maneno yangu makali yote yaliniisha. Nilimhurumia sana, nikachukua majani ya tumbaku, tukafunga pamoja mpaka jioni.

Kesho yake nilirudi Kosele peke yangu. Atieno alikuwa akipepeta maharagwe sokoni. Nilimsimulia yote nikitarajia anilaumu kwa kumwacha mumewe huko. Mimi niliondoka nikidhani mtu huogopa kupigwa risasi tu. Sikujua anaweza kuogopa kidole chake mwenyewe.

Atieno akaweka ungo chini.

"Na huyo mwenye ng'ombe, alijua?"

Nikamwambia hakujua. Alimswaga ndama wake, akaenda zake.

"Basi Chacha amelibeba peke yake," akasema, akaanza kufunga magunia. "Nitafutie gari la Migori."