Droo Haina Risasi

Karakana yetu inatengeneza mizani ya kielektroniki ya kupimia watoto wachanga, na mtu mwenye kazi ngumu kuliko wote mle ndani hajawahi kukaza hata skrubu moja. Kazi yake ni kuuliza. Tulimpa jina la Haina, kwa sababu tangu anaingia asubuhi mpaka anafunga mkoba wake jioni neno lake ni hilo: hii haina zebaki? Ile haina kadmiamu? Meza yangu ya kufungia maboksi inatazamana na yake, kwa hiyo nimeyasikia mengi, mengine bila kupenda.

Mnunuzi wa ng'ambo alituagiza mizani mia nne kwa sharti moja. Alituma fomu yenye majina kumi ya sumu, risasi ikiwa miongoni mwa za mwanzo, akataka mtu wa karakana aweke saini kwamba hakuna iliyozidi kiwango katika kipande chochote cha mizani, kuanzia kioo cha namba mpaka skrubu ya mwisho. Mkurugenzi aliisoma fomu mara moja, akamsukumia Haina, akasema, si wewe uliyesomea kemia? Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliofuata. Saini isipopatikana, oda inafutwa na meza ya mafundi inafungwa.

Basi Haina akaanza kuandika barua. Kila kilichoingia kwenye mizani kilihitaji karatasi ya aliyekiuza. Muuza skrubu alijibu kwa hasira kwamba yeye ni mfanyabiashara wa halali, hajawahi kuuza risasi wala silaha ya aina yoyote. Haina akampigia simu kumweleza kuwa risasi inayoulizwa ni madini, si ya bunduki. Yule bwana akasema hata hayo hauzi, maana hana leseni ya madini. Muuza nyaya akaleta mstari mmoja, "bidhaa zetu hazina matatizo", muhuri umepigwa kichwa chini. Muuza plastiki akatuma kalenda. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Haina hakucheka, aliitundika kalenda ukutani na kuanza kuhesabu siku.

Lakini kilichomchosha zaidi kilikuwa ndani, kwenye meza ya mafundi, alikokaa mjomba wake.

Mama yake Haina alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea. Alimfundisha kuunganisha nyaya angali mtoto, akamkalisha juu ya kreti mbili ili aifikie meza, na mpaka uzee ule alikuwa akimwita "mama", kwa sauti ya mtu anayebembeleza. Kwa miaka thelathini alichomea kwa solda, ule waya laini wa kuyeyusha ambao mafundi wote huuita risasi, wawe wanajua kilichomo au hawajui. Sasa mpwa wake akamletea solda mpya isiyo na madini ya risasi. Risasi isiyo na risasi, mafundi wakatania, kama chai isiyo na majani. Solda hiyo inataka moto mkali, inachelewa kuyeyuka, na ikipoa inafubaa. Kwa mjomba, kiungo kilichofubaa ni kazi ya mwanafunzi, na alilisema hilo kila siku, kwa upole, akimwomba mpwa wake aangalie mwenyewe. Haina alimjibu kwa mkato. Alisema sheria ni sheria, na kwamba mtu asichukue kitu kabatini bila kusoma maandishi.

Maandishi aliyaandika yeye, kwa kalamu nene. Kabati lina droo mbili. Ya juu aliweka solda mpya, akabandika karatasi: HAINA RISASI. Ya chini aliweka ile ya zamani, tuliyobakisha kwa ajili ya redio kuukuu ambazo majirani hutuletea dirishani, akabandika: RISASI. Alirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, akaridhika. Sote tulipita mbele ya kabati lile kila siku.

Jumatano, siku mbili kabla ya saini, majibu ya maabara yakafika. Tulikuwa tumepeleka mizani tatu. Mbili zilikuwa safi. Ya tatu, viungo vyake vilikuwa na risasi zaidi ya theluthi, wakati kinachoruhusiwa ni sehemu moja kwa elfu. Chini ya bodi yake kulikuwa na nukta mbili nyekundu, alama ya mjomba. Mkurugenzi akasema mnunuzi lazima aandikiwe chanzo cha kosa na jina la aliyehusika, na mtu huyo aondoke kwenye meza. Haina aliandika jina la mjomba wake kwenye fomu, kisha akainuka akaenda kwa mafundi.

"Mjomba, umenidharau," alisema, wote tukisikia. "Nilikuomba jambo moja tu. Umeniona mtoto, ukaniharibia makusudi."

Mjomba alichomoa chuma chake cha kulehemu kwenye umeme, akangoja kipoe, akakifuta kwa kitambaa. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti na kutoka. Nasema kweli, saa ile nilimchukia Haina. Nilimchukia na mnunuzi na majina yake kumi, na mkurugenzi aliyesimama mlangoni na simu sikioni akijifanya hasikii. Mzee wa watu ametoka mikono mitupu, sisi tunatazamana tu.

Mizani za nukta mbili nyekundu zilikuwa thelathini na nane, na zote nilikuwa nimeshazifunga. Nikaanza kuchana maboksi niliyoyabandika kwa mikono yangu, nikinung'unika, ili bodi zitolewe na kutengenezwa nyingine. Haina akanituma nikawaletee mafundi koili ya solda mpya. Nilikwenda kabatini, nikasoma, nikarudi.

"Imekwisha," nikamwambia. "Imeandikwa haina."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye droo. Droo ya juu haina risasi. Nikuletee ya chini?"

Alinitazama mpaka nikadhani nimemtukana. Kisha akanipita, akaenda kuivuta droo ya juu. Ilikuwa imejaa koili, zote zikiwa bado kwenye nailoni zake. Mafundi wengine walikuwa hawajamaliza koili za kwanza alizowagawia mwenyewe. Mjomba ana mkono mwepesi kuliko wote, naye ndiye aliyemaliza kwanza na kwenda kabatini. Haina alikaa chini sakafuni, mbele ya droo, na sketi yake nzuri.

Jioni ileile aliibandua karatasi akaenda nayo kwa mjomba. Aliniomba nimsindikize. Tulimkuta uani ananoa kisu cha jikoni. Haina akampa karatasi bila salamu. Mjomba akaisoma, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena.

"Nilisoma kama ulivyoniambia," alisema. "Ya juu haina, ya chini ipo. Nikachukua iliyopo. Ilipoanza kung'aa nikasema moyoni, kumbe mama amenisikia."

Haina alilia kama mtoto, akaomba radhi mara tatu. Mjomba akasema yaliyopita si ndwele. Nusu ya pili ya methali hakuimalizia, akarudi kwenye kisu chake.

Asubuhi Haina alilifuta jina la mjomba kwenye fomu. Kwenye chanzo cha kosa aliandika, kibandiko cha droo. Kwenye aliyehusika aliandika jina lake. Mkurugenzi alimfokea mpaka koo likamkauka: sasa saini itawekwa na nani? Mnunuzi akatuongezea wiki mbili na maswali kumi na moja, la kwanza likiuliza inawezekanaje neno moja liwe jina la madini na la waya. Haina aliyajibu yote. Hatimaye walikubali saini yake, mradi fundi mkuu asaini pembeni. Mizani zikaondoka.

Mjomba alirudi Jumatatu, aproni ikiwa na mikunjo ileile. Droo ya juu sasa imeandikwa SOLDA MPYA, IMO NDANI, na ya chini ina kufuli. Lakini koili yake ikiisha haendi kabatini. Anakuja mpaka kwenye meza ya mpwa wake, anasimama na koili tupu mkononi.

"Bi Mkaguzi," anasema, "naomba risasi."

Hajamwita "mama" tena. Naye Haina, nikimtazama kutoka kwenye maboksi yangu, kila mara husubiri kidogo kabla ya kuinuka.