Mzigo Mapajani mwa Honorine

Fundi wa seva hubisha hodi hata kwenye chumba kisicho na mtu, hujipangusa viganja kwenye suruali, kisha huigusa mashine kwa mgongo wa mkono, kama mzazi apimaye homa ya mtoto. Siku hiyo aliifuta seva ya Unix ya redio, akaiwekea mfumo upya, nayo ikagoma kuwaka. Iliandika kiooni kwamba diski ya sauti haionekani, ikakwama hapo. Honorine, mtunza sauti wa redio, aliyeketi kando yake, alishika kichwa, kwani ndani ya diski hiyo zimo sauti za watangazaji waliokwisha kufariki.

“Papa, umezifuta?” akamwuliza fundi.

Fundi alitazama mashine, akatazama meza, kisha macho yakamtoka yalipofika kwenye mzigo uliofungwa kitambaa mapajani mwa Honorine.

“Mama, ile kintu nilikupatiaka asubui, njo ile?”

“Hii? Nilizani ni bukari yako ya midi!”

Fundi akafungua kitambaa polepole: hamkuwa na ugali wa mchana, bali diski ya sauti. Kumbe yeye, kabla ya kuifuta seva, huitoa kwanza diski yenye thamani, kama watu wamtoavyo mtoto mchanga nyumbani kabla ya kufagia. Na mashine ilikuwa ikiingoja irudi. Honorine, aliyeiegemezea viwiko asubuhi nzima, aliinua mikono juu, asithubutu hata kupumua.