Kiondo Nilichokuwa Nikikifumua

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, jua la Agosti lilikuwa limekausha kila kitu, na mimi, msichana wa fomu ya tatu, nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba yetu nje ya Makindu nikifumua kiondo cha nyanya yangu. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukambani, alijulikana kwa viondo hadi mji wa Kiboko. Lakini mwaka ule mistari yake ilianza kupotea. Alizungusha uzi mwekundu, akasahau, akaurudia, kisha akaingiza mweusi mahali pasipo pake. Akisinzia, nilifumua makosa, nikasuka upya, nikakirudisha mapajani pake. Akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kulimiana mashamba kwa zamu, walikigeuzageuza wakasema, "Huyu bado ana vidole vya msichana."

Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Mama mzee akianza kuzungumza na waliokufa, haikosi midomo ya kusema ana mambo yake ya giza. Nami nilikuwa na haya hata ya kuomba chumvi kwa jirani. Ila nilikuwa na daftari langu, na humo sikuficha kitu. Bado ninalo. Limeandikwa: "Leo Susu ameniita Kalondu, dada yake aliyekufa zamani. Nimeitika. Nimefumua mistari miwili."

Ndipo akaja Daktari Nafula, mtafiti wa ugonjwa wa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Alitoka magharibi mwa nchi na Kikamba hakujua, kwa hiyo mwalimu mkuu akanitoa mimi niwe mkalimani. Daktari alieleza kwamba mzee atakayeonekana na ugonjwa huo, nesi atakuwa akifika kwao kila wiki kuwafunza jamaa namna ya kumtunza. Kwenye nyumba za watu nilitafsiri kwa uaminifu. Tulipofika kwetu, ulimi ukapinda.

"Mama, huu ni mwezi gani?" daktari akauliza.

Nikatafsiri. Susu akamwangalia juu hadi chini. "Ametoka mbali hivyo kuja kuuliza mwezi? Kwao hakuna mwezi?" Kisha akanigeukia, "Kalondu, mpe mgeni uji. Mama yetu amesharudi kutoka kisimani?"

Nikamwambia daktari, "Anasema ni Agosti. Na anakukaribisha uji."

Hivyo hivyo hadi swali la mwisho, nikijibu mimi. Daktari akashika kiondo, akasifu mistari yake iliyonyooka, akaandika kwenye fomu kwamba Susu ni mzima. Nikajiona nimemwokoa.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu nusura kiingie. Wiki iliyofuata Susu alibeba kibuyu akaenda kutafuta kile kisima cha mchangani alichochotea maji utotoni, upande wa Mtito Andei. Tulimtafuta tangu asubuhi. Alasiri dereva wa lori alimkuta ameketi kando ya barabara ya Mombasa, miguu imechubuka, akiuliza kila gari kama limemwona mama yake.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, akatoa amri: kuanzia leo mlango wa mama ufungwe kwa nje. Nilimsikia Susu akiugonga, akibisha hodi kama mgeni, kwa adabu.

Nikachukua daftari, nikaandika humo mambo ya siku hiyo, nikaenda kwa miguu hadi kliniki ya Makindu. Daktari alikuwa anafunga mizigo. Maneno yalinikataa, nikampa daftari. Alianza kusoma amesimama, akamaliza ameketi.

"Ulimfichia nani?"

"Watu."

"Watu hao ndio watakaomwosha miguu leo?"

"Mimi nasaidia ninachoonyeshwa," daktari akaendelea. "Wewe ulinionyesha vidole vyako. Vizuri sana, lakini sikuja kukupima wewe." Akatafuta ile fomu, akalikata neno "mzima" mbele yangu. Kisha akaniomba niendelee kuandika daftari, maana fomu yake haikuwa na swali lolote juu ya viondo.

Tulirudi pamoja na nesi. Baba mdogo akasema, na hakuwa mtu mbaya, "Daktari, sisi tuna mifugo na mashamba. Nani atakaa akimfuata mzee?"

"Mimi," nikasema. Sauti yangu ilinishtua.

"Na shule?" baba mdogo akauliza.

Jibu la hilo nilijua pa kulitafuta. Kesho yake nilikwenda mkutano wa mwethya na kiondo cha Susu ambacho sikukirekebisha. Nikakiweka katikati, nikaeleza yote. Wakaiangalia ile mistari iliyopinda. Mwisho Mama Kioko akasema, "Wewe mtoto, sisi tungejuaje? Ungesema, tungempangia zamu kama tunavyopanga kulima."

Wakapanga. Kila nilipokuwa shuleni, mmoja wao aliketi na Susu, akasuka naye, akatembea naye alikotaka kwenda mpaka yeye mwenyewe akachoka na kurudi. Mlango haukufungwa tena. Jungu kuu halikosi ukoko: majina yetu aliyasahau yote, nyimbo za kusuka akatufunza hadi mwisho.

Mwanangu, tangu hapo nimezunguka Makueni na Kitui na daftari langu, nikiketi na jamaa za wazee kama yeye, na kila nyumba namkuta msichana anayefumua kitu kwa siri. Ukiona mzee wako anapotea, sema mapema. Msemee kwa ukweli, hata sauti ikitetemeka. Usimsahihishe ili watu wamsifu, wala usimfungie ili wewe ulale. Mzigo huu ni wa zamu.

Nakutemea mate ya baraka kifuani, kama Susu alivyonitemea siku ambazo hakujua mimi ni nani. Miguu yako ifike mbali, na siku itakaposahau njia, awepo mtu wa kutembea nawe.